Kitabu kwanza, kikombe baadaye

RURAMBO.   Leo siwaletei habari ya barabara iliyokatika wala ya risasi zilizosikika usiku. Nawaletea maoni yangu, na najua kuna watakaonicheka. Nataka tuzungumze kuhusu vitabu vya historia, habari za maisha ya watu mashuhuri, na vinywaji.

Naanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Jumapili moja jioni nilipita kwa mama mmoja anayeuza kasiksi. Chini ya turubai walikuwa wameketi wanaume kumi hivi, wengine juu ya mawe, wengine juu ya bidoni zilizogeuzwa. Wengi wao walikuwa wamehama vijiji vyao, na hawakutoka sehemu moja. Kikombe cha kwanza kilikwenda na kicheko. Cha tatu kilipofika, mzee mmoja akaanza kueleza jinsi babu zake walivyofika kwenye milima hii kabla ya watu wote. Mwingine akamkatiza: "Mzee wangu, hapo umedanganya. Mlipofika mlitukuta." Ikaingia habari ya mwami fulani, ikaingia habari ya ng'ombe, ikaingia 1964, ikaingia 1996. Kufika kikombe cha tano, kijana mmoja alikuwa amemshika mwenzake shingoni.

Aliyetuokoa ni yule mama. Alinyanyua bidoni lake akaliingiza ndani, akasema: "Baba zangu, historia yenu mtaimalizia kwenu. Hapa mtanivunjia vikombe." Watu wakatawanyika.

Njiani nilijiuliza jambo moja. Watu kumi walizungumza historia kwa saa mbili nzima, na kila mmoja alikuwa na uhakika. Ni nani kati yao aliyewahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kitabu cha historia ya nchi hii? Sikuwaonea, kwa sababu nilijiuliza na mimi pia, na jibu langu halikunipa fahari.

Siku chache baadaye nilizungumza kwa simu na kijana wa jirani aliyeko Nairobi. Aliniambia kwamba huko mijini, na hata Ulaya na Marekani, kuna watu wanaokutana kusoma kitabu kimoja na kukichagulia kinywaji chake. Kitabu cha maisha ya rais fulani wanakisoma na pombe aliyoipenda. Cha vita fulani, kwa kinywaji cha nchi ile. Wanachanganya vinywaji viwili vitatu katika glasi moja, wanaita kokteli, wanakunywa na kujadili. Nilicheka sana. Nilimwambia: "Huku sisi tunachanganya bia na Fanta tu, na kitabu hakuna."

Lakini baada ya kukata simu niliona kwamba jambo hilo si geni kwetu. Sisi tumeoa historia na kinywaji tangu zamani. Habari za koo zetu tulizisikia kwenye pombe ya ndizi, kwenye maziwa, kwenye chai ya msibani. Tofauti ni kwamba wenzetu wanaanza na kitabu, kisha kikombe kinafuata. Sisi tunaanza na kikombe, na baada ya hapo kila mtu anakuwa kitabu.

Maoni yangu ni haya: huku Rurambo, na popote walipo watu wa Rurambo, tuigeuze desturi hiyo. Kitabu kije kwanza. Na kila kitabu tukichagulie kinywaji kitakachotusaidia kukielewa. Nitawapa mifano, na yote inagusa ziwa letu na nchi yetu.

Mfano wa kwanza ni Richard Burton. Huyu Mwingereza na mwenzake John Speke walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858, na mwezi wa Aprili mwaka huo walifika Uvira kwa mitumbwi. Burton aliandika safari yake katika kitabu kilichotoka 1860. Alitamani sana kujua kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, kwa sababu alitumaini kwamba huko ndiko iliko asili ya mto Nile. Pale Uvira aliwauliza wana wa sultani, wakamjibu bila kusitasita kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Burton alivunjika moyo. Wazungu waliendelea kubishana kwa miaka 13, mpaka Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi mdomo wa Rusizi na kuona maji yakiingia.

Ndugu zangu, jambo ambalo kila mvuvi wa Uvira alilijua, dunia ililiita uvumbuzi. Lakini msiishie hapo mkapiga makofi. Angalieni pia kwamba jibu la wale vijana tunalijua leo kwa sababu tu liliandikwa. Aliyeliandika ni mgeni ambaye hakulipenda. Sisi wenyeji hatukuliandika.

Kinywaji cha kitabu hicho ni uji. Burton alikuwa Uvira akiwa na vidonda vya ulimi, kuzungumza kwake kulikuwa taabu. Basi tuchukue uji wa muhogo au wa mahindi, tuunywe polepole, na kila anayesoma asome kama mtu mwenye kidonda cha ulimi: maneno machache, masikio mengi. Laiti wale wazee wa chini ya turubai wangeanza hivyo.

Mfano wa pili ni Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyepita Tanganyika na kuingia ndani kabisa ya Kongo akitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 alikubali hata kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya serikali ya Mfalme Leopold. Alifariki Zanzibar mwaka 1905. Kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na aliziandika kwa Kiswahili. Hiki ni kitabu tunachoweza kukisoma bila mkalimani, na ni kati ya vya kwanza vya aina yake katika lugha yetu.

Kinywaji chake ni kahawa, tena chungu, bila sukari. Kwanza, yeye alikuwa Mwislamu wa pwani, na kahawa ndiyo adabu ya baraza la kule. Pili, kahawa inaota hapa kwetu Kivu, kwa hiyo hatuna kisingizio. Tatu, uchungu wake unafaa. Ukisoma habari zake utamwona mtu hodari, mcheshi, mwenye hesabu kali. Anahesabu pembe, anahesabu bunduki, anahesabu faida. Waliobeba pembe hizo mabegani hawana nafasi ya kuzungumza. Upande wetu huu wa kaskazini ya ziwa, watu wa mwenzake Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kuanzia Ujiji, walifika mpaka Uvira. Bibi zetu walikuwa na majina ya vijiji vilivyochomwa wakati huo. Vijiji hivyo havimo kitabuni. Kwa hiyo unapokunywa ile kahawa, jiulize: ni nani anayenisimulia, na ni nani aliyenyamazishwa? Swali hilo ni la kubeba kwenda nalo kwenye kila kitabu, na pia kwenye kila kundi la simu linalotuma historia za usiku.

Mfano wa tatu utawafurahisha wapenda bia. Ni Patrice Lumumba. Sote tunalijua jina lake, tunajua alizaliwa 1925 Onalua, Sankuru, akawa waziri mkuu wa kwanza 1960, akauawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Lubumbashi. Tunajua pia kwamba Ubelgiji ilirudisha jino lake, mabaki pekee ya mwili wake, Juni 2022. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba Lumumba aliuza bia?

Ndiyo. Alikuwa karani wa posta Kisangani, akafungwa kwa kosa la pesa za posta, na alipotoka 1957 alikwenda Kinshasa na kupata kazi katika kiwanda cha Bracongo. Kazi yake ilikuwa kuitangaza bia ya Polar dhidi ya Primus. Alizunguka katika mabaa ya mitaa ya watu weusi, akizungumza na kila aina ya mtu, akinunulia watu vinywaji, akijifunza namna ya kushika masikio ya umati. Oktoba 1958 chama cha MNC kilizaliwa, na sauti iliyokuwa ikiuza bia ikaanza kuuza uhuru.

Lumumba asomwe na bia, chupa moja kwa watu wawili. Kwa nini moja? Kwa sababu katika habari ya maisha yake kuna jambo la kulitazama tukiwa na akili timamu. Baa ilimpa watu, lakini umaarufu wa baa ulikuwa tayari umeanza kugawanya mji: Polar ilihesabiwa kuwa ya Lumumba, Primus ikahesabiwa kuwa ya Kasavubu. Watu waligawanyika hata katika kuagiza bia. Nikilitazama hilo na kuutazama mtaa wetu, ambako kuna watu wasioingia kwa muuzaji fulani kwa sababu ya kabila lake, naona kwamba bado tumeketi kwenye baa ile ile.

Mfano wa nne nitaupitia haraka. Ni Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997. Habari za anasa zake zimeandikwa sana, na shampeni ya rangi ya waridi haikosekani humo. Nani hapa Rurambo amewahi kuiona shampeni? Basi vitabu vya Mobutu tuvisome na maji ya kisima. Mtu akisoma jinsi shampeni ilivyokuwa ikifika kwa ndege Gbadolite, anyanyue kopo lake la maji, akumbuke ni saa ngapi mtoto wake alitembea kuyatafuta. Hakuna mwalimu atakayemweleza vizuri zaidi.

Mfano wa tano ni Che Guevara. Vijana wengi wanavaa fulana yenye sura yake bila kujua kwamba alikuwa hapa jirani, Fizi. Aliingia kwa mtumbwi kutoka Kigoma tarehe 24 Aprili 1965, akafika Kibamba, akaondoka mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Wacuba waliokuja naye walipewa majina ya hesabu kwa Kiswahili, naye akawa Tatu. Daftari lake la Kongo lilikaa miaka mingi kabla ya kuchapishwa, na ndani yake hajisifu. Anakiri tangu mwanzo kwamba anaandika habari ya kushindwa.

Anaeleza sababu. Wakubwa waliokaa mbali na mapigano. Wapiganaji waliotegemea dawa ya kuzuia risasi. Ugomvi wa makabila ndani ya jeshi moja. Na pombe, ile ya mahindi na muhogo, iliyowafanya watu waliobeba bunduki wasiweze kutii amri. Mtu mzima wa milima hii akisoma kurasa zile anaweza kudhani ziliandikwa mwaka jana.

Kwa hiyo Che hasomwi na pombe yoyote. Asomwe na chai ya rangi, yenye tangawizi kama ipo, kwa sababu Kibamba iko chini ya mlima na usiku wa milimani ni wa baridi. Na asomwe hasa na vijana. Tena natamani kitabu hicho kisomwe mbele ya wale wanaoshika silaha kwa jina la kutulinda, kila upande. Mgeni aliyekuja kutusaidia kupigana alituona jinsi tulivyo, akaandika, akaondoka. Sisi tunaendelea.

Mfano wa sita unahitaji heshima. Ni Daktari Denis Mukwege. Kabla dunia haijamjua, kabla ya hospitali ya Panzi ya 1999 na tuzo ya Nobel ya 2018, alikuwa daktari wa Lemera, jirani zetu. Kuna mama zetu wengi waliojifungulia pale. Katika habari ya maisha yake anaeleza jinsi alivyoona wanawake wakifa kwa kukosa msaada wa uzazi, na jinsi hilo lilivyomfanya aende Ufaransa kusomea kazi ya kuwahudumia, kisha akarudi Lemera. Anaeleza pia tarehe 6 Oktoba 1996, siku hospitali iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wahudumu. Siku 17 baadaye, tarehe 23, yalitiwa sahihi makubaliano yanayoitwa ya Lemera, yaliyounda AFDL. Dunia inalikumbuka jina la Lemera kwa karatasi ile. Sisi tunalikumbuka kwa vile vitanda.

Kinywaji chake ni chai ya maziwa, na asomewe kwanza akina mama, wao kwa wao, bila wanaume kuingia na maswali. Mama mmoja aliyehama, nilipomwambia wazo hili, aliniuliza: "Na tukilia je?" Nikamjibu: "Mama, ndiyo maana nimesema chai. Chai inaweza kungoja." Hakucheka, lakini aliniambia atakuja.

Sasa najua maswali mliyo nayo.

Wapo watakaosema: mwandishi huyu amelewa yeye mwenyewe, watu wana njaa, wanalala chini ya mabati ya kuazima, na yeye analeta vitabu. Nakubali kwamba kitabu hakijazi sufuria. Lakini tulihama kwa sababu gani? Kabla ya risasi kuna neno. Kabla ya nyumba kuchomwa, kuna mtu alisema kwa uhakika kwamba wale si wa hapa, au kwamba wale ni wezi wa ardhi tangu babu zao, na wenzake wakaitikia vikombe vikiwa mkononi. Historia iliyosemwa vibaya ni mojawapo ya vitu vilivyotutoa nyumbani. Haitaturudisha peke yake hata ikisemwa vizuri. Lakini ikiendelea kusemwa hivi hivi, tutarudi leo na kuhama kesho.

Wapo wa kanisa watakaosema ninahubiri pombe. Hesabuni vinywaji nilivyovitaja: uji, kahawa, maji, chai ya rangi, chai ya maziwa, na chupa moja ya bia kwa watu wawili. Asiyekunywa bia amsome Lumumba kwa soda. Pombe kali ya kuchemshwa sikuitaja, na sitaitaja. Nimezika watu kwa ajili yake.

Wapo akina mama wanaouza kasiksi watakaosema ninawaharibia biashara. Mama zangu, hapana. Najua ada ya shule inatoka kwenye bidoni hilo, na wengi wenu mlianza kazi hiyo baada ya kuacha mashamba. Kasiksi nimeiwekea kitabu kikubwa kuliko vyote, na sasa nakifikia.

Na swali la mwisho: vitabu viko wapi? Vingi viko kwa Kifaransa, ni ghali, na hapa hatuna maktaba. Lakini tuna walimu waliohama pamoja nasi, wengine hawana darasa. Mwalimu mmoja, kitabu kimoja kilichoazimwa Uvira au Bukavu, na watu ishirini wanaosikiliza. Mwalimu anasoma ukurasa, anaueleza kwa Kiswahili, anasimama, watu wanauliza. Kile kitabu kinene cha Profesa Isidore Ndaywel è Nziem cha historia ya Kongo yote, kilichotoka 1998, kinaweza kutosha Jumapili za miaka miwili. Wenye simu nzuri wanaweza kupokea kurasa na kuwasomea wengine. Redio za jamii zinaweza kutupa nusu saa.

Naomba sharti moja tu. Katika kila kikao awepo angalau mtu mmoja wa jamii ambayo kitabu kinaizungumzia na ambayo si ya wengi waliokaa pale. Mfuliiru asomewe habari za Wanyamulenge Mnyamulenge akiwepo, na Mnyamulenge asomewe za Wafuliiru Mfuliiru akiwepo. Mvira na Mnyindu vilevile. Mkiona mtu anasema jambo kwa ujasiri pale tu mwenzake anapoondoka, mjue hiyo si historia.

Sasa nije kwenye kasiksi. Kitabu chake bado hakijaandikwa, na kurasa zake zinapotea kila wiki. Ni maisha ya wazee wetu.

Mzee akifa kambini, tunazika na vitu vingi. Kuna mzee aliyeona Uvira ikiingia mikononi mwa waasi Mei 1964. Kuna mama aliyejificha porini wakati wa Mulele akiwa na mtoto mgongoni. Kuna mchungaji wa ng'ombe anayejua njia zote za kutoka Rurambo hadi nyanda za Fizi, jina la kila kilima, na nani alimwachia nani malisho wakati wa kiangazi bila ugomvi wowote. Kuna wazee wa makabila mawili waliopeana ng'ombe na mashamba, wakawa ndugu, na watoto wao leo hawasalimiani. Hayo hakuna Burton aliyeyaandika.

Baba yangu mdogo alikuwa na daftari. Aliandika humo siku za kuzaliwa, ndoa, mavuno, ukame, majina ya waliokufa na mahali walipozikwa. Tulipokimbia tulichukua sufuria, godoro na mbuzi wawili. Daftari lilibaki juu ya kabati. Nyumba ilichomwa. Yeye alifariki mwaka uliofuata, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza arudie yaliyokuwa mle. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika habari za watu wengine.

Kwa hiyo kwa wazee hawa tulete kasiksi kwa aliyezoea kasiksi, na maziwa kwa aliyelelewa kwa maziwa. Tukae nao mchana, si usiku. Kijana mmoja awe na kalamu na daftari la shule, mwingine awe na simu ya kurekodi. Kikombe cha kwanza ni cha mzee, cha kumshukuru. Cha pili kingoje mpaka aseme amechoka. Tumuulize alizaliwa wapi, nani alikuwa jirani yake, walikula nini, waligombana kwa nini, walipatanaje. Tusimuulize nani alifika kwanza. Akitaka kulisema, tuliandike kama maneno yake, na tukamuulize jirani yake pia, tuandike na yake, kurasa mbili zikae katika daftari moja.

Mimi nitaanza Jumapili hii. Nimepata kwa kuazima kitabu kimoja cha maisha ya Lumumba, kurasa za mwisho zimekatika, lakini mwisho wake tunaujua. Mwalimu mmoja amekubali kusoma. Nimezungumza pia na yule mama wa kasiksi, ili tukae chini ya turubai lake mchana, kabla wateja hawajaja. Alifikiri kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Wale wazee wawili wa siku ile, umewaalika?"

Nimewaalika wote wawili. Mmoja ameitikia. Wa pili amesema atakuja akijua ni kitabu gani, na nani atakuwa anasoma. Nimeona ni swali halali la msomaji, nikamjibu.

Mwandishi wenu, Rurambo.